Pati ya kumaliza kidato cha nne, nyumba ya kukodi Jambiani, mtu mzima hayupo. Nifanyeje?

FundiWaMwembetanga

Asalaam alaykum wana jukwaa. Naomba ushauri, na naomba upesi, maana mtihani wa mwisho ni wiki ijayo.

Mie ni fundi wa nguo za kike, napokea kazi nyumbani. Siku hizi wasichana wa kidato cha nne wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja na kitambaa kilekile, satini ya kijani, mita 3. Mashono ni mamoja, ila huyu anataka mkono mrefu, yule anataka mgongo wazi "lakini utie kipande cha vifungo, nikitoka nyumbani kiwepo, nikifika nakitoa". Mtu ukimzungusha futi kiunoni husema mengi bila kuulizwa. Nikachukua la huyu na la yule, nikaunganisha.

Jumamosi baada ya mtihani wana pati. Si mahafali. Mahafali ya skuli yalishapita, na kasida zake na risala yake, sisi wazazi chini ya turubai tunajipepea kwa ratiba. Hii ni nyumba ya kukodi Jambiani, ufukweni kule kusini mwa Unguja, ina bwawa la kuogelea. Kila mmoja anatoa shilingi 30,000. Gari inawachukua Mwanakwerekwe saa kumi jioni, kuwarudisha ni "asubuhi", saa haikutajwa. Wavulana wapo. Mkubwa wa nyumba atakuwa kaka wa mmoja wao, anasoma chuo, ana miaka 21.

Binti yangu yumo darasa hilohilo. Kwangu hajaleta kitambaa. Nimemuuliza juujuu, akasema Jumamosi atalala kwa shangazi yake Fuoni, wanatiana hina. Huyo shangazi bado sijamuuliza. Wifi yangu ukimwambia jambo saa mbili, saa tatu limeshafika Makunduchi.

Nikaenda skuli. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, kiti, maji baridi. Akasema siku ya mtihani wa mwisho ataweka askari getini ili wasimwagiane unga na kuchorana mashati kwa maka peni. Nikamuuliza, na Jumamosi? Akasema, "Bi, wakishaweka kalamu chini, hao ni wenu." Yaani shati la skuli lina ulinzi, mwenye shati hana.

Baba yake yupo Maskati. Nikimwambia atasema mtoto afungiwe ndani mpaka matokeo yatoke Januari. Nikiwaambia wazazi wengine, nitakuwa fundi anayetoa siri za wateja, na kazi ndiyo inayonilisha. Nikinyamaza, Jumamosi usingizi sitaupata. Mlioshapitia haya mlifanyaje?

BabaMkali

Hakuna cha pati. Mgongo wazi, bwawa, wavulana, unauliza nini tena? Funga mlango, ufunguo tia mfukoni. Sisi tulimaliza, tukaswali Alasiri, tukaenda kupiga mbizi Forodhani, Magharibi kila mtu kwao. Wazazi wa siku hizi mnawaomba ruhusa watoto.

MvuviWaKusini

Bi Fundi, mie ni wa hukohuko Jambiani, nina ngalawa na mara nyengine hulinda nyumba za wageni. Nikwambie mambo mawili.

La kwanza ni nyumba. Hizi za ufukweni nyingi mwenyewe hayupo, yuko Ulaya au bara, ufunguo anao mtunzaji. Mtunzaji akishaona pesa hahesabu vichwa. Wanakodi watu kumi, wanalala arubaini. Majirani wanalalamika asubuhi, gari imeshaondoka.

La pili ndilo linalonitia khofu, na silo bwawa. Tizameni mwezi. Jumamosi hiyo ni mwezi mpevu, kwa hivyo maji ni ya bamvu, yaani yanapwa sana na kujaa sana. Kwetu usiku wa bamvu maji hukauka saa nne, saa tano. Pwani inakuwa nyeupe mpaka kule karibu na mwamba, mwezi unawaka, na vijana wa mjini wanaona wamepewa uwanja. Wanatembea wanapiga picha, wanakwenda mbali khaswa. Maji yakigeuka hayakuji kwa mbele ukayaona. Yanaingia kwanza kwenye mikondo ya chini iliyo nyuma yako, wewe umesimama juu ya fungu, miguu mikavu, huna habari. Saa kumi alfajiri yameshajaa kabisa, na tofauti ya kupwa na kujaa siku hizo hukaribia mita 4. Akina mama wa mwani wanajua wakati wa kutoka bila saa. Mtoto wa Kikwajuni hajui, na akiwa amekunywa kitu ndiyo hajui kabisa.

Kama unataka kulizuia bila kujulikana ni wewe, pata namba ya sheha wa huku, yule kiongozi wa serikali kijijini. Mgeni akilala kijijini sheha anataka kujua ni nani. Sheha akimtembelea mtunzaji mara moja tu, mtunzaji mwenyewe atarejesha pesa.

MaalimWete

Nasomesha sekondari Pemba. Naomba radhi kwa jibu la mwalimu mkuu wenu, ingawa namuelewa. Akisema watoto ni wa skuli, likitokea jambo ataulizwa yeye, na gari hana, na walimu wake wako likizo. Lakini Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya 2011 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kuweka kalamu chini hakumwongezei mtu umri. Katika darasa langu zaidi ya nusu hawajafika 18 siku ya mtihani.

Sisi tulichoka kukimbizana nao, kamati ya wazazi ikaamua tuwatangulie. Tukafanya pikiniki Vumawimbi. Gari zikapita msitu wa Ngezi asubuhi, tulichinja mbuzi, wavulana wakacheza mpira kutwa, wasichana walikuwa na spika yao upande wao, na mama watatu wamekaa kwenye mkeka wanajifanya hawasikii nyimbo. Magharibi tumo njiani tunarudi. Ruhusa ilikuwa ya maandishi, lakini tulimpigia simu kila mzazi, maana saini ya baba watoto wanaijua kuitia kuliko baba mwenyewe.

Sisemi iliwamaliza kiu wote. Wapo vijana waliotafuta la kwao usiku. Ila walikuwa wachache, tuliwajua kwa majina, na wazazi wao walijua.

BabaMkali, mlango unafungika. Darasa zima huwezi kulifungia.

NilimalizaMwakaJana

Shikamooni. Mimi ni msichana, nilikuwepo kwenye moja ya pati hizo mwaka jana, si Jambiani, pengine. Naandika kwa sababu nyote mnaongelea wavulana wa darasani, na wale hawakuwa shida. Wale tumesoma nao tokea darasa la kwanza, wengi walikuwa wanaona haya hata kucheza.

Mpaka saa tano ilikuwa raha. Tulikula biriani, tulipiga picha, tulilia kidogo. Halafu mtu mmoja akaweka mahali tulipo kwenye stetasi yake. Wakaanza kuja watu tusiowajua, wakubwa, na gari zao na vinywaji vyao. Hakuna wa kuwaambia tokeni. Yule kaka aliyekuwa mkubwa wa nyumba alikuwa amelala kwenye kochi na viatu. Sisi wasichana tukajifungia chumba kimoja, tukabishana nani ampigie mama yake. Kila mmoja anamsukumia mwenziwe. Tulikaa hivyo muda mrefu, na mlango unagongwa.

Mwisho nilipiga mimi. Mama alikuja na gari ya jirani, akatuchukua wote, tumebanana nyuma. Njia nzima hakusema neno. Kesho yake alisema, na alisema sana! Lakini kama ningejua kuwa atangoja mpaka kesho yake, ningepiga mapema.

Bi Fundi, mwambie hilo binti yako leo. Na ukiizuia hii tu bila kuwapa nyengine, watahamia mahali ambapo hakuna atakayekuja kupimwa gauni kwako.

BabaMkali

Mwanangu, Mungu alikuhifadhi. Lakini bado nasema usingekuwepo kabisa.

FundiWaMwembetanga

Nimerudi. Ahsanteni wote, na wewe BabaMkali pia, ijapokuwa ukiona kazi ya kumfungia mtu wa miaka 17 aliyekuzidi kimo njoo unisaidie.

Jana niliona liwalo na liwe, nikampigia mama wa mteja wangu mmoja. Nimeanza kwa mbali, "Shoga, hii safari ya Jambiani umeisikia?" Akacheka. Akasema, "Si wewe unayekwenda kuwasimamia? Mwanangu kaniambia Bi Fundi atakuwepo, ndiyo maana nikatoa pesa." Nikakaa kwenye cherehani kimya. Nikampigia wa pili, naye vilevile, tena akanishukuru na kuniombea dua. Wa tatu yeye alisikia kuwa ni mimi na mwalimu wa Kiswahili.

Kumbe siku zote hizo nashona, msimamizi wa pati ndiye mimi. Na aliyenitoa ni binti yangu. Wenziwe walikuwa wanabanwa na mama zao, "nani mtu mzima atakuwepo?", akawapa jina langu. Kitambaa chake kipo kwa fundi mwengine, Mwanakwerekwe.

Nikamkalisha. Hakulia wala hakukana. Akasema, "Mama, ungeulizwa ungekataa." Nikamwambia kweli, ningekataa. Hapo tukatizamana, nikaona bora niulize wanataka nini khaswa kwenye hiyo pati. Orodha yake: picha za magauni, muziki wao wenyewe, chakula kisichopikwa na mama yeyote, na wasiangaliwe kila dakika. Bwawa lilikuwa la wavulana.

Basi leo alasiri tumekutana mama saba barazani kwangu. Mmoja alikuja amekasirika na mie kwa nini sikusema mapema, na mwengine kwa nini nimesema. Tumekubaliana hivi. Pati ipo, Jumamosi hiyohiyo, lakini Mbweni, kwa bibi wa mmoja wao, nyumba ina ukuta na geti. Saa tisa mpaka saa tatu usiku. Wavulana wanaruhusiwa. Getini anakaa mjomba mmoja askari mstaafu, na jina ambalo halimo kwenye karatasi halipiti, hata awe mtoto wa nani. Sisi wazazi tunakaa uani kwa nyuma, jikoni, hatuendi mbele bila sababu. Mishkaki na urojo tunaagiza. Hakuna kuweka chochote stetasi mpaka wamerudi makwao. Hili binti zetu wamelikubali haraka kuliko yote, nadhani habari za mwaka jana walishazisikia.

MvuviWaKusini, sheha tulimpigia, na mtunzaji amerejesha nusu ya pesa. Nusu nyengine anasema imeshanunuliwa mafuta ya jenereta. Iwe sadaka.

Mwalimu mkuu nilimrudia na mama wawili. Safari hii ametoa viti na maturubai ya skuli, na amesema atapita baada ya Isha "kama mgeni". Tunashukuru, ingawa nimemwambia aje na zawadi.

Haikuwaridhisha wote. Wavulana wanne bado wanasema Jambiani wanakwenda. Tumewaita baba zao. Wawili wamekuja, mmoja akasema mwanawe ameshakuwa mwanamme, mmoja simu hapokei. Mvuvi, hao wakitokea huko nitakupa namba zao, uwatizamie hayo maji.

Sasa nimebakiwa na moja. Nataka kosta ya kuwarudisha saa tatu, mtoto mpaka mlangoni kwao, njia ya Tomondo, Fuoni na Kwarara. Bodaboda sitaki hata kuzisikia, na satini zile. Niliyemuuliza ameniambia 150,000. Kuna mwenye kumjua wa chini ya hapo?

MaalimWete

Ndugu yangu yuko Unguja ana kosta. Nimekutumia namba yake pembeni. Ni mtu mzima, anakwenda polepole mpaka watoto watalalamika. Mwambie umetoka kwangu, asikutoze zaidi ya laki.