Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba una presha?

Mama Tuma (mleta mada)
Habari za jioni ndugu zangu. Leo nimetoka kwenye maziko Mbagala, marehemu ni kijana wa miaka 41, fundi seremala, hajawahi kulazwa hata siku moja. Pale msibani kila mtu anasema "presha imempiga ghafla". Nikiwa nimekaa kwenye jamvi nikakumbuka yangu. Nilikuwa nimemsindikiza shemeji kung'oa jino. Dada wa mapokezi, kwa kuwa mashine ya presha ilikuwa mkononi na mimi nimekaa tu, akasema lete mkono mama. 178 kwa 110, wakati ukifika 140 kwa 90 tayari ni juu. Akaniuliza kichwa kinauma? Hakiumi. Kizunguzungu? Sina. Akahamia mkono wa pili, yaleyale. Na alfajiri ya siku hiyo nilikuwa nimekaanga vitumbua na kubeba ndoo kama kawaida! Wewe ulijuaje? Ulikuwa unasikia chochote?

Kisiki cha Mpingo
Nilikwenda kuchangia damu, wakanirudisha. Nilikuwa sisikii kitu.

Dereva Masafa
Kazini walileta watu wa kupima. Madereva sita, wanne tukakutwa nayo. Mmoja wetu alikuwa na 200 na ushee, na usiku huohuo alikuwa apeleke mzigo Tunduma. Alikuwa anadai anajisikia vizuri kuliko sisi wote.

BintiRombo
Mada imenigusa, nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mama yangu aliambiwa ana presha mwaka 2016. Akaanzishiwa amlodipini, kidonge kimoja kila siku. Watoto tukagawana: kaka ananunua dawa, mimi natuma nauli ya kliniki. Kila nikipiga simu, "Mama, dawa umekunywa?" "Nimekunywa mwanangu." Kwetu Rombo, Kilimanjaro, mnakujua, mwaka mzima nyumba ni za wazee, Desemba ndiyo tunapanda wote. Tarehe 24 jioni nikafika, mama mzima, anacheka, amepika ndizi.

Asubuhi ya Krismasi tuko jikoni, anamimina chai. Nikaona kikombe kimejaa, chai inafurika kwenye kisahani, inashuka mezani, na yeye bado anamimina. Nikasema mama, chai! Akanitazama. Akafungua kinywa anijibu, likatoka neno ambalo si Kichaga wala si Kiswahili. Mkono wa kulia ukashuka wenyewe, birika likaanguka. Mdomo umekwenda upande.

Na sisi tulifanya nini? Shangazi akasema amepitiwa na upepo mbaya, tumpake mafuta, apumzike. Tukamlaza. Tukasubiri wenye gari watoke kanisani. Masaa manne! Hospitali walipompima ikasoma 230 kwa 130.

Siku ya tatu nikarudi nyumbani kuchukua kanga zake. Kwenye sanduku nikakuta karatasi za vidonge, kila moja imekatwa katikati kwa mkasi, nusu ya pili haipo. Sikuelewa. Jioni akaja jirani yetu, ambaye tangu utoto namwita mama mdogo, analia mpaka hawezi kusimama. Na yeye ana presha, na hana mtoto wa kumtumia hela. Miaka miwili mama alikuwa anamkatia nusu ya karatasi kila anapotoka kliniki. Leo anakunywa mama, kesho anakunywa jirani.

Mama yupo. Mkono haujarudi. Jina langu analitamka, mengine tunayakisia.

Mama Tuma
Mwanangu. Nimesoma mara mbili. Pole sana.

Nahodha wa Mkoani
Allah ampe shifaa. Hapo kwenye mkasi nimeshindwa kuendelea, nimeweka simu chini.

Jembe Halisi
Pole dada, lakini tuambizane ukweli. Kumuona mzazi Desemba kwa Desemba ndiyo matokeo yake. Angekuwepo mtu wa kumhesabia vidonge hayo yasingetokea.

Dereva Masafa
Jembe, futa hayo maneno. Mtu ameandika kilio chake unamletea hesabu. Wewe wako unawahesabia kila asubuhi?

Jembe Halisi
Nakaa nao nyumba moja, ndiyo nawahesabia. Sijamtukana mtu.

BintiRombo
Msigombane kwa ajili yangu. Kila siku najiambia hayohayo aliyosema Jembe. Ila jirani yule naye angefanyaje?

Mzee wa Shoka
Mimi bado kuna jambo silielewi. Presha tunajua ni ya watu wa mjini, wanene, wenye mawazo na mikopo. Bibi wa shambani anayepanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe, presha inatoka wapi? Huyo mama mchunguzeni upande mwingine.

Muuguzi wa Zamu
Mzee wangu, shikamoo. Hilo wazo limetuzikia watu wengi, ngoja nikujibu taratibu.

Hapo hapo Kilimanjaro, wilaya ya Hai, wazee wa vijijini wa miaka 70 kwenda juu waliwahi kupimwa, na karibu 70 katika kila 100 walikuwa na presha ya kupanda. Ni wakulima hao, wengi wembamba. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti mwingine uliolinganisha Ilala ya Dar es Salaam na Hai. Ilala kweli ilikuwa juu, kama 38 katika kila 100 ya watu wazima, lakini Hai nayo ilikuwa 26 au 27. Na kote kuwili, katika wenye presha, hawakufika 20 kwa 100 waliokuwa wanajua wanayo. Nchi nzima ilipopimwa mwaka 2012, watu wa miaka 25 hadi 64, ilikuwa karibu mmoja kwa kila wanne.

Duniani hesabu iliyotolewa 2021 ilikuwa watu bilioni 1.28 wa miaka 30 hadi 79, na karibu nusu yao hawajui. Presha inapanda na umri, ukoo unachangia, chumvi inachangia, pombe inachangia. Unene ni mmojawapo tu. Nimepokea watu wa kilo 50 wamepooza upande.

Na BintiRombo, kwa wengine wanaosoma: mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi, hakuna kupaka mafuta wala kulaza. Kodi hata bodaboda, mshike katikati, nenda. Kila dakika kuna sehemu ya ubongo inakufa.

Kisiki cha Mpingo
Nakazia hiyo ya mwisho.

Nyar Siaya
Hamjambo huku Tanzania. Mimi niko Nairobi. Kuna utafiti ulifanywa hapa Kenya, ulitoka 1990, juu ya Wajaluo waliotoka vijijini magharibi kuja Nairobi kutafuta kazi. Waliwapima wakiwa nyumbani, wakawafuata mjini. Presha ilianza kupanda miezi ileile ya kwanza. Mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi nyingi zaidi na potasiamu, madini ya kwenye mboga na matunda, imepungua. Ukoo ni uleule, damu ni ileile, kilichobadilika ni sahani.

Nimeona hiyo kwa kaka yangu. Nyumbani alikula viazi vitamu, omena (dagaa), mboga za kienyeji. Huku ni kazi ya mjengo asubuhi, chapo madondo (chapati na maharage) saa sita, usiku chips na soseji za barabarani. Mwaka mmoja tu, 160 kwa 100. Ako na miaka 29!

Mzee wa Shoka
Basi si nimesema ni ya mjini?

Nyar Siaya
Mzee, chumvi haiulizi anwani. Ikikufuata kijijini utaipata hukohuko.

Nahodha wa Mkoani
Nyar amenena. Sisi Pemba hatuna chips kila kona, lakini tuna papa mkavu na ng'onda. Bibi yangu akila muhogo wa nazi kwa papa, na ubavuni kibakuli cha achari. Samaki yule umempaka chumvi, ukamkausha, kisha unamtia chumvi tena chunguni, maana mchuzi bila chumvi "haunogi". Siku hizi nyumbani papa twamroweka usiku kucha, maji tunamwaga mara mbili, na chunguni hatutii hata chembe. Mwezi wa kwanza kila mtu alinuna. Sasa tukila kwa watu twaona chumvi imezidi.

Swali langu kwa Muuguzi: Ramadhani vipi? Mwaka jana nilikuwa nameza daku vidonge vyote viwili, kimoja ni kile cha kukojoza. Hata adhuhuri haijafika ulimi umekauka kama gome.

Muuguzi wa Zamu
Nenda kliniki mwezi mmoja kabla ya mfungo, usisubiri mwezi uandame. Dawa nyingi za presha ni mara moja kwa siku, daktari anaweza kuhamishia kile cha kukojoza wakati wa futari au kukibadilisha kabisa. Usijipangie mwenyewe na usiache.

Tabibu wa Asili
Mnateseka bure. Kitunguu saumu punje tatu asubuhi na majani ya mlonge, wiki sita, vidonge unatupa. Mimi nimepona hivyo, hii ni kweli tupu.

Mama Tuma
Umepona au umeacha kupima?

Tabibu wa Asili
Najisikia mzima.

Dereva Masafa
Na mwenzetu wa Tunduma alikuwa anajisikia mzima.

Muuguzi wa Zamu
Kula kitunguu saumu, kula mlonge, ni chakula kizuri. Ila mkono uweke kwenye mashine. Vidonge vikikusumbua, miguu ikivimba au kikohozi kikavu kisikuishe, rudi ubadilishiwe. Zipo za aina nyingi.

Mtoto wa Tabora
Niko Ohio, natunza wazee. Huku wanapenda kusema watu weusi tumeumbwa na presha. Na mimi niliamini mpaka niliposoma utafiti wa 1997. Walipima watu wenye asili ya Afrika Magharibi: Nigeria na Kamerun kama 16 kwa 100, visiwa vya Karibea 26, weusi wa Maywood karibu na Chicago 33. Baadaye wakaweka na nchi za Ulaya, Wajerumani wakatoka juu kuliko hata weusi wa Marekani. Kama ni rangi, Mjerumani aliipata wapi?

Kisiki cha Mpingo
Hiyo sikuijua kabisa. Asante.

BintiRombo
Nimerudi. Jana kaka na mimi tumekubaliana: pale duka la dawa karatasi mbili kila mwezi, moja ya mama, moja ya jirani. Mama mdogo ndiye anayemlisha mama uji sasa. Asubuhi wanakunywa vidonge pamoja, wanaonyeshana ulimi kwamba kimeshuka.

Jembe Halisi
Dada, nisamehe.

Mzee wa Shoka
Sikutaka kuandika, lakini nimekwenda kupima leo, duka la dawa hapa Makambako. 162 kwa 98. Mimi nina kilo 58 na kazi yangu ni kupasua kuni.

Muuguzi wa Zamu
Asante kwa kwenda, Mzee. Kipimo kimoja hakitoshi. Kesho na keshokutwa asubuhi, kabla ya chai na tumbaku, kojoa kwanza, kaa dakika tano umeegemea, miguu chini, usiongee. Mkanda uwe juu ya ngozi, sio juu ya sweta, na mkono uulaze mezani usawa wa moyo. Zikiendelea kufika 140 kwa 90 au zaidi, nenda zahanati na hayo maandishi. Usinywe vidonge vya mtu.

Mzee wa Shoka
Nimeandika yote kwenye karatasi. Mke wangu anauliza: maharage na mlenda anaweka magadi kila siku. Nayo yanahesabika?

Mama Tuma
Yanahesabika baba, sodiamu ni ileile ya kwenye chumvi. Mwambie maharage ayaloweke tangu usiku na kuni usimpunguzie, yataiva bila magadi. Mlenda achanganye na bamia.