Ushauri: nimechota mchanga wa ukame wa kale saa sita mchana, nimeharibu?

Kijana wa Bahi: Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho wa jiolojia, nasomea ukame wa kale kupitia mchanga uliopeperushwa na upepo. Juzi niliingia korongo moja huku Bahi, nikakuta ukingoni tabaka la mchanga mwekundu laini limelala katikati ya udongo mweusi wa mbuga. Nikashangilia peke yangu kama kichaa. Nikachota kwa koleo jua la utosi, nikajaza chupa tupu za maji. Leo mwenzangu anasema nimeua kazi. Ni kweli? Nauli yenyewe nilikopa.

Mzee wa Nyundo: Kwa kupima umri, mdogo wangu, imekula kwako. Punje za kwatzi, yale madini magumu yanayong'aa kwenye mchanga, zikifukiwa hujilimbikizia nishati kutokana na mionzi hafifu ya udongo unaozizunguka. Zikiona jua, yote inafutika. Maabara hupima kilicholimbikizwa tangu zilipoona mwanga mara ya mwisho, sasa wewe umezianika! Ukirudi, chonga ukuta upate sehemu mpya, gongomelea bomba la chuma, ziba ncha zote mbili, viringisha plastiki nyeusi. Litafunguliwa maabara, kwenye taa nyekundu hafifu. Beba na udongo wa pembeni ya tundu, bila huo kiwango cha mionzi hakijulikani.

Chekeche: Chupa usitupe. Jua halibadilishi ukubwa wa punje. Mchanga wa upepo punje zake zinakaribiana. Wa mafuriko unachanganyika na changarawe na tope. Mimi kwenye korongo nashuku maji kwanza.

Binti Irangi: Hata ukiwa wa upepo, usikimbilie kuandika "ukame". Kwetu Kondoa ardhi ilihama kwa mifugo na kukata miti, hadi HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ikaanzishwa 1973 na mifugo ikaondolewa 1979. Tafuta shahidi wa pili. Barafu ya Kilimanjaro ina tabaka la vumbi la ukame wa miaka kama 4,000 iliyopita, unene wa sentimita 3 hivi. Umri wa mchanga wako ukiangukia hapo, una hoja.

Mjukuu wa Mgogo: Na Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, je? Mvua ilikosa, ila majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza nayo yalishakomba ng'ombe na nafaka. Hilo mchanga hausemi.

Kijana wa Bahi: Asanteni wakuu. Nina kipande cha bomba la maji la chuma, inchi mbili. Kitafaa?

Mzee wa Nyundo: Kinafaa. Nyundo iwe nzito, na koleo acha nyumbani.