Koti la afisa wa hussar wa Hungaria: zari imeingia weusi, jina limefifia

Mwambao_LD
Wakuu, kuna koti la sherehe la afisa wa hussar (askari wa farasi) wa Hungaria hapa Lindi. Kitambaa ni joho la sufu la buluu iliyoiva, kifua kizima zari na vifungo vya umbo la zeituni, nyota 3 kolani. Zari imekuwa nyeusi, kwapani nondo wametoboa, na jina kwenye bitana halisomeki vizuri. Nimeambiwa nisugue zari kwa ndimu na majivu. Nilisafisheje, na nitamjuaje mwenyewe?

Kitambaa
Ndimu na majivu ni vya masinia, mkuu. Zari hiyo ni waya wa fedha uliopakwa dhahabu na kuzungushwa juu ya uzi. Weusi unatokana na salfa ya hewani. Ukisugua dhahabu inaondoka, na tindikali inayobaki inakula uzi wa ndani hadi waya unafumuka. Uache ulivyo. Maji pia usiguse, rangi huchuja.

Nondo: funga koti kwenye nailoni nzito, toa hewa, ziba kwa utepe wa gundi, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukilitoa usifungue kabla ya saa 24, la sivyo jasho la baridi litalowesha joho. Kisha brashi laini, taratibu.

Shangani_MT
Umeme ukikatika friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Na usilirudishe kwenye mbao tupu: tandika marekani iliyofuliwa bila sabuni. Unyevu ukipita asilimia 65 kuvu haikawii, na huku pwani hufika huko kirahisi.

Bitana
Koti hilo huitwa attila. Nyota 3 ni kapteni. Jeshi la pamoja la milki ya zamani ya Austria-Hungaria lilikuwa na rejimenti 16 za hussar, joho la buluu iliyoiva au mpauko, vifungo vya njano au vyeupe. Rejimenti zilizofanana kwa joho na vifungo zilitofautishwa kwa rangi ya kofia. Na hussar wa honvéd, jeshi la Hungaria yenyewe, wote walivaa buluu iliyoiva, kwa hiyo rangi yako haikupeleki mbali.

Jina limulike gizani kwa ile tochi ya kukagulia noti. Wino wa zamani mara nyingi hujitokeza mweusi. Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, Kijerumani hulimalizia, tafuta pande zote mbili. Orodha za maafisa zilichapwa kila mwaka zikionyesha cheo na rejimenti. Baada ya hapo andikia hifadhi ya nyaraka za kijeshi ya Vienna, au ya Budapest.

Mwambao_LD
Vifungo vya njano. Karibu na nyota kuna matundu ya sindano.

Bitana
Basi huenda nyota zilihamishwa alipopanda cheo. Anza kumtafuta akiwa luteni.