Mkuu wa shirika la anga za juu: mhandisi aliyepanda ngazi, au mtu wa utawala na siasa?

Mtoa mada, Morogoro

Wakuu, naomba tulijadili hili bila ushabiki. Nchi zetu zinaingia anga za juu mojamoja. Uganda ilipata PearlAfricaSat-1 mwishoni mwa 2022, Kenya ikarusha Taifa-1 Aprili 2023, Rwanda ina shirika lake tangu 2021, na hapa kwetu Tanzania suala la satelaiti ya taifa limeshaanza kutajwa na viongozi. Kila nchi itabidi iamue nani akalie kile kiti cha juu. Msimamo wangu nautoa mapema: akalie mhandisi, tena aliyekulia ndani ya shirika lenyewe, ambaye kazi imewahi kumharibikia mikononi na yeye mwenyewe akairekebisha. Mfano wangu ni K. Sivan wa India.

Sivan alizaliwa 1957 katika familia ya wakulima, kijiji cha Sarakkalvilai, wilaya ya Kanyakumari, kusini kabisa mwa India. Alisoma shule ya serikali kwa Kitamili, na ndiye wa kwanza kwao kupata shahada. Alianza na hisabati, akahamia uhandisi wa ndege huko Madras akamaliza 1980, akachukua shahada ya pili Bengaluru 1982, na mwaka huohuo akaingia ISRO, shirika la anga za juu la India. Uenyekiti aliupata Januari 2018. Ni zaidi ya miaka 35 kwa mwajiri mmoja.

Alichofanya katika miaka hiyo ndiyo hoja yangu, kwa hiyo nitakieleza kidogo. Roketi ikishapaa, moja ya hatari zake za mwanzo ni upepo wa juu. Inakuwa imeshika kasi huku hewa bado ni nzito, na upepo ukiipiga ubavuni unaweza kuilemea mpaka ivunjike. Unaweza kuipangia njia kwa kutumia upepo wa wastani wa msimu, na siku upepo ukienda kinyume na wastani huo unaahirisha. Sivan alibuni utaratibu mwingine kwa ajili ya roketi ya PSLV. Siku yenyewe ya kurusha upepo wa kila kimo unapimwa, vipimo vinaingizwa kwenye kompyuta, na maelekezo ya kuiongoza roketi yanarekebishwa yafuate upepo wa siku hiyo. Ndiyo sababu PSLV inaweza kurushwa takriban siku yoyote ya mwaka kutoka pale Sriharikota, pwani ya Ghuba ya Bengal. Programu ya kukokotoa njia ya roketi inayoitwa SITARA, yeye ndiye aliyekuwa msanifu wake mkuu.

Halafu ikaja GSLV, roketi kubwa zaidi. Mwaka 2010 ilishindwa mara mbili, Aprili na Desemba. Mwaka 2011 mradi huo akakabidhiwa Sivan. Tarehe 19 Agosti 2013 roketi ilikuwa tayari jukwaani, zimebaki saa 1 na dakika 14, mafuta yakaonekana yanavuja kwenye hatua ya pili, yaani kipande cha pili cha roketi chenye injini yake. Wakasimamisha kuhesabu, wakairudisha roketi ndani, wakabadilisha hatua hiyo nzima. Tarehe 5 Januari 2014 ikaruka salama, ikiwa na injini ya kriojeni iliyotengenezwa India, ile inayochoma hidrojeni na oksijeni zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika. Mtu aliyepitia miezi hiyo, ukimkalisha ofisini ukamletea taarifa ya kurasa mbili kwamba "kila kitu kiko sawa", anajua aulize nini. Nawakaribisha.

Mchangiaji, Nairobi

Mtoa mada, nakuheshimu, lakini umechagua mfano unaokufaa. Mtu aliyeifikisha Marekani mwezini ni James Webb, na Webb alikuwa mwanasheria. Aliwahi kuongoza ofisi ya bajeti ya serikali enzi za Rais Truman, na Rais Kennedy akamteua kuongoza NASA, shirika la anga za juu la Marekani, 1961. Roketi ilikuwa ya wahandisi kina von Braun. Kazi ya Webb ilikuwa kwenda Bungeni kutafuta pesa na kuzilinda. Mwaka 1966 NASA ilikuwa inapata zaidi ya asilimia 4 ya matumizi yote ya serikali kuu ya Marekani. Nitajie mhandisi gani angezipata.

Januari 1967 wanaanga watatu walipoungua ndani ya Apollo 1 wakati wa jaribio la ardhini, Webb ndiye aliyekwenda kusimama mbele ya wabunge wenye hasira huku wahandisi wake wakiendelea kurekebisha chombo. Aliondoka Oktoba 1968, na miezi tisa baadaye watu wakatua mwezini.

Sasa weka kando yake Michael Griffin. Huyu ni mhandisi haswa, mwenye shahada nyingi na udaktari wa uhandisi wa anga, aliyeongoza NASA kuanzia 2005 hadi 2009. Alisukuma mpango wa Constellation wa kurudi mwezini. Mwaka 2009 kamati ya wataalamu ikasema pesa zilizopo haziufikishi popote, na 2010 serikali ya Obama ikauondoa kwenye bajeti. Uhandisi alikuwa nao tele. Kwetu huku shida ya kwanza ni Hazina. Mimi nataka mtu ambaye Hazina wakimwona mlangoni wanajua hatoki mikono mitupu.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Kaka zangu, nyote mnazungumza kama vile mhandisi akipewa cheo anabaki mhandisi. Mimi nimefanya kazi kwenye miradi ya umma ya ujenzi na nimeona yanayotokea mtu akishapewa gari na katibu muhtasi.

Turudi usiku wa tarehe 27 Januari 1986, kabla ya kurushwa Challenger, chombo cha NASA cha kubeba wanaanga. Wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni, walikuwa kwenye simu na NASA. Walisema baridi ni kali mno na mipira ya kuziba maungio inaweza kushindwa kazi, kwa hiyo tusirushe. NASA wakaonyesha kutofurahia. Kampuni ikaomba muda wajadiliane wenyewe, na hapo bosi mmoja akamwambia makamu wa rais wa uhandisi avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akavua. Asubuhi chombo kiliruka, sekunde 73 kikasambaratika, watu saba wakafa.

Aliyevua kofia alikuwa mhandisi, na waliokuwa wanamshinikiza upande wa pili wa simu wengi walikuwa wahandisi vilevile. Kwa hiyo cheti cha mkuu hakinipi usingizi. Swali langu ni hili: kijana wa ngazi ya chini akisema "hapana, tusirushe", sheria inamlinda? Anaweza kumruka bosi wake akasikilizwa? Bila hilo hata mkimleta Sivan mwenyewe mambo yatakwenda vilevile.

Mchangiaji, Dodoma

Naongezea kwa dada yangu. Huyohuyo Sivan tumtazame alipokuwa mwenyekiti. Chandrayaan-2, safari ya India ya kwenda mwezini, iliondoka Julai 2019, na usiku wa kuamkia Septemba 7 chombo cha kutua, Vikram, kikapoteza mawasiliano kikiwa kama kilomita 2.1 juu ya mwezi. Asubuhi dunia nzima ikaona waziri mkuu Modi akimkumbatia Sivan aliyekuwa analia. Mimi pia iliniuma, namwonea huruma mpaka leo.

Lakini wiki mbili baadaye alisema hadharani kwamba safari imefanikiwa kwa asilimia 98. Ni kweli chombo kinachozunguka mwezi kilikuwa kinafanya kazi vizuri, ila wananchi walikuwa wamekesha kungoja kutua. Mabaki ya Vikram dunia iliyajua Desemba kupitia NASA, baada ya mhandisi kijana wa Chennai kuyatafuta kwenye picha akiwa nyumbani kwake. ISRO wakajibu kwamba wao walishayaona mapema. Kama mliyaona, mbona hamkuwaonyesha wenye kodi yao? Ripoti kamili ya ajali haikutolewa, Bunge likapewa maelezo mafupi tu. Mtu aliyekulia ndani huwa mlinzi wa nyumba. Mtu wa nje hana cha kuficha, kwa sababu makosa si ya rafiki zake wa miaka 30.

Mtoa mada, Morogoro

Mchangiaji wa Dodoma, hapo umenibana, na lile la asilimia 98 silitetei. Lilikuwa kosa, wananchi walistahili kuambiwa wazi.

Ila endelea na habari mpaka mwisho wake. Aliyempokea Sivan Januari 2022 ni S. Somanath, mhandisi mwingine wa ndani, aliyeingia ISRO 1985. Mwaka 2023, kabla ya Chandrayaan-3, Somanath alisimama mbele ya waandishi akaeleza kilichoiua Vikram. Injini tano zilitoa nguvu kuliko ilivyotarajiwa, makosa madogo yakajikusanya, chombo kikahitaji kugeuka haraka lakini programu ilikuwa imewekewa ukomo wa kasi ya kugeuka. Na eneo la kutua lilikuwa dogo, mita 500 kwa 500, kwa hiyo kikawa kinahangaika kulifuata huku kinaanguka. Kisha akaeleza walivyobadilisha: injini nne badala ya tano, mafuta zaidi, miguu imara zaidi, eneo la kutua kilomita 4 kwa 2.4. Tarehe 23 Agosti 2023 kikatua karibu na ncha ya kusini ya mwezi. Aliyeongoza kamati ya kuchunguza ajali ya Vikram, V. Narayanan, bingwa wa injini za kriojeni, ndiye akawa mwenyekiti Januari 2025. Kule kuchunguza ajali hakumfungii mtu milango.

Kaka wa Nairobi, kuhusu Webb nakubali, na hata India wanakubali kwa namna yao. Mwenyekiti wa ISRO ni katibu wa Idara ya Anga vilevile, na idara hiyo iko chini ya waziri mkuu moja kwa moja. Mhandisi yule hapangi foleni kwa waziri mdogo kuomba pesa. Mlango ameshafunguliwa na muundo wenyewe. Kwa hiyo sioni kwa nini tumtoe sadaka mhandisi ili tupate mtu wa Hazina, wakati muundo unaweza kufanya kazi hiyo.

Mchangiaji, Malindi

Hamjambo nyote. Nawasoma tangu mwanzo, na naona mnabishana kuhusu kiti wakati nyumba haina ngazi.

Sisi watu wa huku tumekua tunayaona yale majukwaa ya chuma baharini, Ngomeni. San Marco. Waitaliano walirusha setilaiti pale kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, palirushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyota za mbali, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo tupu, wakaipa jina Uhuru. Jina letu, bahari yetu. Aliyeanzisha kituo ni Luigi Broglio, mhandisi na afisa wa jeshi la anga la Italia, na kituo kikawa cha chuo kikuu cha Roma. Kwa hiyo mtu aliyetaka kupanda cheo pale, ngazi yake ilikuwa Roma. Vijana wa Ngomeni waliona moshi tu.

Leo Taifa-1 imetengenezwa na wahandisi Wakenya pamoja na kampuni ya Bulgaria, na ikabebwa na roketi ya SpaceX kutoka California. Sibezi. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilikuwa na kisetilaiti chake 2018, kwa msaada wa Wajapani. Naona fahari. Lakini mtu aliyeishika setilaiti hiyo kwa mikono yake ana umri gani sasa, na baada ya miaka 10 atakuwa wapi? Mkataba wake ni wa miaka mingapi? Shirika letu liko chini ya Wizara ya Ulinzi, na afisa wa jeshi huhamishwa amri ikija. Sivan mnayemsifu alikaa mahali pamoja zaidi ya miaka 35 kwa sababu kulikuwa na roketi ya kutengeneza kila mwaka. Kazi ikikatika, mhandisi ataenda kufunga minara ya simu, na sitamlaumu, ana watoto.

Mtoa mada, Morogoro

Ndugu yangu wa Malindi, nimekuelewa, na hoja yako inatangulia yangu. Basi swali nalipanga upya na naomba tuendelee kuanzia hapo: sheria ya shirika la anga za juu iwe na nini ili mhandisi wa miaka 25 aone sababu ya kuwapo pale akiwa na 55? Mimi napendekeza matatu. Muundo wa utumishi ambao mhandisi hupanda mshahara bila kulazimika kuwa meneja. Satelaiti inayofuata iwe na bajeti kabla ya ile ya kwanza kuzima. Na la dada wa Dar liandikwe kwenye sheria yenyewe: mhandisi anayepinga kurushwa kwa chombo aandike sababu zake, karatasi ifike kwa bodi bila kupitia kwa bosi wake, na kitu kisirushwe mpaka ijibiwe kwa maandishi. Wa Nairobi, wewe unayeijua Hazina, hilo la pili linawezekana kwa utaratibu wa bajeti za mwaka mmojammoja tulionao?