Naishi ukingoni mwa msitu wa Magamba: mbwa wangu nimfunge au nimwachie?

Binti_wa_Ukungu (mwenye uzi)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Tangu 2022 ninaishi juu Lushoto, kwenye nyumba ya mbao aliyoiacha marehemu baba. Ni vyumba viwili, bati juu, jiko la nje, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Nyuma ya choo kuna mstari wa miwati, na miwati ikiisha ni msitu wa hifadhi ya Magamba. Jirani wa karibu ni mwendo wa nusu saa kwa mguu. Bodaboda zinaishia chini ya mteremko, na mvua ikinyesha hata huko hazifiki. Niko na mwanangu wa miaka saba, mbwa wawili, paka mmoja na kuku kumi na mmoja. Kuku walikuwa ishirini na watatu.

Napapenda hapa kuliko mahali popote nilipowahi kuishi. Alfajiri mbega wanaanza kunguruma kabla jua halijatoka, kundi moja linaitikia jingine ng'ambo ya bonde, nami niko jikoni nakoka moto. Ukungu unaingia mpaka mlangoni. Mbega hawana neno na mtu, wao ni majani na miti mirefu. Shida ni kima. Wanashuka kwenye mahindi saa mbili hadi saa nne asubuhi na tena jioni. Mbwa wangu wa kiume, Jasiri, akiwaona tu anawafukuza, hakomei shambani, anaingia nao msituni.

Askari wa msitu alishapita mara mbili, akaniambia kwa upole kwamba mbwa akikutwa ndani ya hifadhi atahesabiwa wa wasasi, na kwamba humo wanaokota mitego ya waya. Nilimwelewa. Wiki iliyopita Jasiri alilala msituni. Alirudi asubuhi anachechemea, begani ana jeraha refu, limechimba ndani kama kidole. Mimi na mwanangu tulimsafisha kwa maji ya chumvi.

Mtasema mfunge. Aprili mwaka jana, katikati ya masika, siafu walikuja usiku. Mbwa jike, Chausiku, nilikuwa nimemfunga chini ya upenu. Niliamshwa na kilio chake, nikakata kamba kwa panga huku siafu wananipanda miguuni. Yeye alipona. Kuku kumi na wawili waliokuwa bandani walikufa mlango ukiwa umefungwa kwa komeo nililolifunga mimi mwenyewe. Tangu siku hiyo mkono wangu hauwezi kumfunga mnyama usiku.

Basi naomba ushauri: nimfunge Jasiri, nimwachie, au nimpeleke kwa kaka yangu Korogwe? Mwanangu akisikia hilo la Korogwe anaacha kula.

Na swali dogo. Usiku kuna kitu kinalia juu ya miti, kinaanza kama mlango unaokwaruza, kinapanda, kinapanda, mwisho ni kama mtu anakabwa. Ni nini?

Mkulima_wa_Soni

Pole sana dada. Mimi nataka kujua kwanza mahindi umeyapanda wapi. Kama mstari wa mwisho unagusa miwati, kima hana haja ya kushuka chini, ananyoosha mkono tu. Mimi nilihangaika miaka mitatu kabla sijaelewa hilo. Kima anaogopa uwazi. Acha hatua kama ishirini za ardhi tupu kati ya miti na mazao, ufyeke kila mwezi, na kwenye ukingo weka kitunguu swaumu au tangawizi. Mahindi na maharage yaje mbele ya nyumba, mahali ambapo mtu anapita kila saa. Maganda ya ndizi na viporo vifukie. Hawajaisha kwangu, lakini sasa napoteza debe, zamani nilikuwa napoteza gunia.

Ukifanya hivyo mbwa atakuwa na kazi ya kubweka, hatakuwa na sababu ya kufukuza.

Kijana_wa_Mombo

Dada usijitese, weka dawa kwenye ndizi mbivu, wiki moja tu hutawaona tena.

Mkulima_wa_Soni

Hapana, mdogo wangu, hilo usimshauri mtu. Sheria ya wanyamapori ya 2009 inakataza kuua wanyama kwa sumu, na atakayefungwa ni yeye mwenye mtoto wa miaka saba. Halafu ndizi ile haitachagua. Ataila kima, Jasiri atamla kima huyo, tai ataokota mabaki. Mtoto naye anaokota matunda chini ya miti hiyohiyo.

Kijana_wa_Mombo

Sikuliwazia la mtoto. Nimefuta kauli, samahani dada.

Bwana_Mifugo_Mstaafu

Binti, marahaba. Habari ya kima na kamba tuiweke pembeni kwanza. Nimesoma maneno yako mara mbili, nikasimama pale uliposema "mimi na mwanangu tulimsafisha". Naomba unijibu leo, usingoje kesho:

Jasiri alichanjwa lini kichaa cha mbwa? Uliona alichopigana nacho? Na mwanao vidoleni alikuwa na mchubuko wowote?

Binti_wa_Ukungu

Mzee wangu, mwili umenisisimka. Alichanjwa Septemba iliyopita, kwenye ile chanjo ya bure ya kijijini, kadi ninayo. Alichopigana nacho sikukiona. Mwanangu vidole vyake vina mikwaruzo kila siku, anachuma matunda mwitu yenye miiba.

Bwana_Mifugo_Mstaafu

Vizuri kwamba kadi ipo. Sikiliza sasa. Jeraha refu linalochimba begani, kwa mbwa aliyeingia msitu kama huo, mara nyingi ni pembe ya nguruwe pori, yaani yale meno yake. Huenda ni hilo tu. Lakini hukuona, kwa hiyo hatuwezi kuondoa uwezekano wa kuumwa na mnyama mwenye kichaa, na mate yake yakabaki kwenye manyoya na kidonda ulichosafisha. Hatari ni ndogo. Ila ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, ndiyo maana hatuchezi na hatari ndogo.

Mpeleke mtoto hospitali, na wewe mwenyewe ukaonwe, mweleze daktari kama ulivyotueleza sisi, neno kwa neno. Yeye ataamua kama sindano zinahitajika. Siku nyingine mnyama akikuuma au akikulamba penye kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kwa saa, kisha ndiyo uanze safari.

Jasiri naye achomwe chanjo ya marudio bila kuchelewa, halafu umchunge siku 45. Akibadilika tabia, akaanza kujificha gizani, kushindwa kumeza, kung'ata vitu ovyo, usimguse, piga simu kwa afisa mifugo wa kata. Kwa siku hizo 45 jibu la swali lako ni moja: asitoke uani.

Kidonda chenyewe usikishone, usikijaze majivu wala oili chafu ya gari. Kiachwe kipumue, maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, asubuhi na jioni, na umvalie glavu. Na tafadhali usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu. Diclofenac inaharibu figo na tumbo la mbwa, na Panadol inaua paka hata kwa kipande kidogo.

Mama_wa_Kilolo

Dada yangu, mimi nipo upande wa Udzungwa, na siafu ninawajua kwa majina. Kwanza ondoa hiyo hatia. Umefunga komeo kwa sababu ya fungo na kanu, kila mwenye kuku msituni hufunga komeo.

Siafu hawaji kuhamia kwako. Wanapita, wanasaka, kwa saa kadhaa au siku moja, halafu wanaondoka na mende na panya wote wa nyumba. Anayekufa ni asiyeweza kukimbia: kifaranga, kuku aliyefungiwa, ndama mchanga, mbwa mwenye kamba. Kwa hiyo kazi ni kuwazuia wasipande.

Banda langu linasimama kwa miguu minne, juu ya kiuno changu. Kila mguu umesimama ndani ya kopo kubwa lenye maji na oili chafu juu yake. Kila Jumamosi naangalia makopo, maana jani moja likianguka likaegemea mguu, hilo tayari ni daraja. Nyasi zinafyekwa pande zote, hakuna tawi linalogusa bati. Tangu 2019 wamepita mara nne uani kwangu na sijapoteza kuku. Usimwage mafuta ya taa na kuwasha, hasa wewe wa nyumba ya mbao.

Kuhusu mbwa, mimi sifungi kwa kamba kabisa. Nimezungushia ua michongoma na chini yake waya wa kuku uliofukiwa shubiri mbili, ndani mbwa wako huru. Siafu wakija wanahama kona, au wanakuja kukwaruza mlango wangu nami naamka. Michongoma inachukua muda kufunga. Kwa sasa anza na fito na waya, hata kama ua utakuwa mdogo.

Korogwe usimpeleke. Mbwa aliyezoea baridi ya huko juu, na mtoto anayeacha kula, vyote viwili vitakuumiza kuliko gharama ya waya.

Msikiliza_Ndege

Kinacholia usiku ni perere. Ni mnyama mdogo, mkubwa kidogo kuliko sungura, analala kwenye mashimo ya miti mikubwa na anakula majani. Sauti na umbo lake havifanani hata kidogo. Mwambie mwanao asiogope, kila dume linatangaza mti wake. Ukiwasikia wengi, furahi, maana yake kuna miti mikongwe bado imesimama na hakuna anayewategea waya.

Nina ombi moja ambalo hukuliuliza, dada. Paka wako analala wapi? Katika misitu ya Usambara Magharibi kuna ndege mdogo wa kahawia anayerukaruka chini kwenye majani makavu, wataalamu wanamwita Usambara akalat. Haishi mahali pengine popote duniani, ni milima yenu hiyo tu. Anatafuta wadudu ardhini, yaani palepale anapowinda paka. Mfungie ndani kuanzia jua linapozama hadi kuche vizuri, mlishe shibe kabla ya giza, panya wa ndani watamtosha.

Fundi_Mbao_Tanga

Naongeza moja tu kwa sababu umesema nyumba ya mbao na baridi. Juni hadi Agosti usiingize jiko la mkaa chumbani mkalala nalo, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Hewa yake yenye sumu haina harufu. Jiko libaki nje, ndani ongezeni blanketi.

Binti_wa_Ukungu

Wapendwa, nimechelewa kurudi, mtandao huku unapatikana kwenye jiwe moja juu ya kisima.

Nilishuka siku ileile na mwanangu mgongoni, mvua ilikuwa imeharibu njia. Daktari alisikiliza yote, akaangalia vidole vyake, akasema afadhali tuanze sindano. Tumeanza, mimi na yeye. Hakulia. Mzee Bwana Mifugo, Mungu akuweke, mimi nilikuja kuuliza habari ya kamba.

Jasiri amechomwa chanjo ya marudio na nimeandika siku ukutani kwa mkaa, leo ni ya 19. Anakula, anameza vizuri, jeraha limeanza kufunga kutoka ndani. Kaka alikuja na fito na waya badala ya kumchukua mbwa. Ua ni mdogo, unazunguka nyumba na jiko tu, waya tumefukia shubiri mbili kama alivyosema mama wa Kilolo. Miche ya michongoma nimeotesha nje yake. Banda bado liko chini. Miguu nimeshapata, makopo mawili bado, na mpaka yapatikane kuku wanalala jikoni kwenye tenga nililolining'iniza darini.

Mahindi ya nyuma nimevuna mabichi yote. Kima walikuja jana, wakakaa kwenye miwati wakitazama ile ardhi tupu. Jasiri alibweka akiwa amesimama kwenye waya mpaka wakageuka.

Paka analala ndani, analalamika mlangoni mpaka usingizi umchukue. Perere alipoanza kulia, mwanangu aliniuliza kama na yeye ana mama yake kwenye shimo hilohilo. Msikiliza Ndege, hilo unaweza kumjibia?

Msikiliza_Ndege

Mwambie ndiyo. Perere huzaa mtoto mmoja au wawili, na huzaliwa macho wazi na manyoya tayari, ila bado hunyonya na kukaa na mama shimoni. Na ukihesabu siku ya 45, rudi hapa utuambie.