Tupeane uzoefu: digrii ya Kifaransa imekulipa, au bado unailipa?

Dada wa Bwera: Leo mdogo wangu kaja na fomu ya chuo, kajaza Kifaransa. Nikacheka kwanza, moyo ukaniuma baadaye. Mliosoma hii kitu, mnakula nini?

Mwalimu wa Masaka: Mikopo ya wanafunzi ya serikali hapa Uganda inatanguliza sayansi, kwa hiyo mimi nadaiwa na SACCO ya mama. Dhamana ni karatasi ya makubaliano ya kibanja, kipande cha ardhi cha marehemu baba. Nafundisha shule tatu za binafsi, boda inakula nusu ya mshahara. Likizo ikifika, SACCO peke yake ndiyo inanikumbuka. Mwaka 2022 wenzetu wa sayansi wenye digrii walipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Sisi wa sanaa tukagoma, tukarudi darasani na kilekile.

Bint Bombo: Kweli tupu, mwalimu.

Kijana wa Kasese: Ngojeni nimwage yangu. Tajiri mmoja wa mchele alinichukua mpakani Mpondwe nimtafsirie kwa wateja kutoka Beni, Congo. Usiku kucha nakariri maneno ya forodha. Viatu nimeazima kwa kaka, vinanibana vidole. Wakafika, nikasimama: "Bonjour messieurs, soyez les bienvenus!" Mzee wao akanitazama, akamgeukia tajiri: "Huyu anasema nini? Siye tunasemaka Kiswahili." Biashara ikaisha mbele yangu, kwa lugha niliyokuwa naikimbia shuleni! Nikapewa nauli, 10,000. Jioni SACCO wakapiga simu.

Mzee wa Arua: Uongo huo. Makaratasi ya Congo ni Kifaransa, angekuhitaji tu.

Kijana wa Kasese: Mzee wangu, makaratasi tajiri ana wakala wake. Wakala huyo hata salamu ya Kifaransa hajui, anajua sahihi inapowekwa.

Bint Bombo: 😂😂 Vidole vilipona?

Mkalimani: Fanyeni DELF B2, ule mtihani wa cheti cha Kifaransa, kazi zipo.

Mwalimu wa Masaka: Na ada ya DELF nikope wapi tena?

Mzee wa Arua: Ongezeni Kiswahili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kiwe lazima shuleni.

Bint Bombo: Lazima ya gazetini hiyo. Kwetu hakina hata kipindi.

Baba Bujumbura: Mimi kimenilipa. Nimeoa Mrundi, mahari nilijadili mwenyewe, bila mshenga.

Kijana wa Kasese: Kwa Kifaransa au Kirundi?

Baba Bujumbura: Usiniharibie.

Dada wa Bwera: Mdogo wangu kasoma yote akichungulia begani kwangu. Kaniuliza moja tu: kibanja chetu kina makubaliano?