Morogoro mjini: tunaambiwa ajali zinapungua kila mwaka, mbona daftari langu linasema vingine?

FundiSpoku ameandika:

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi pikipiki. Kibanda changu kiko pembeni ya Barabara ya Dodoma, ukitoka Msamvu hufiki mbali, chini ya mwarobaini. Nina mwaka wa kumi na moja pale. Jumapili iliyopita tulikuwa na mkutano wa mtaa na ajenda ya tatu ilikuwa usalama barabarani. Mgeni mwalikwa akasimama na karatasi yake, akasoma: mwaka ule ajali kadhaa, uliofuata zikashuka, uliofuata zikashuka tena. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa nyuma na oili bado kwenye kucha. Sikupiga makofi, ila sikunyoosha mkono pia, maana huwezi kumbishia mtu mwenye karatasi wakati wewe una maneno tu.

Nikarudi kibandani nikafungua kauntabuku langu. Kila pikipiki inayoletwa naandika tarehe, namba, tatizo, bei, na kama mteja kabakiza hela. Sikulianzisha kwa ajili ya ajali, nililianzisha kwa ajili ya madeni. Lakini fundi hadanganywi kati ya pikipiki iliyochakaa na iliyogongwa. Cheni kulegea ni uchakavu. Shokapu za mbele zikipinda, rimu ikawa kama yai, tairi linatazama mbele huku usukani umegeukia kushoto, hapo hata mwenyewe akikwambia "ilidondoka tu ikiwa kwenye stendi" unamwitikia kwa heshima na unaendelea na kazi. Hizo naziwekea alama ya msalaba mdogo pembeni. Nimekaa na taa ya simu nikaihesabu misalaba mwaka kwa mwaka. Haipungui. Tangu mwaka 2022 inapanda waziwazi.

Niwape mfano mmoja. Mwezi wa tatu ililetwa pikipiki juu ya guta, gurudumu la nyuma limekwama halizunguki. Kuangalia, kandambili ya mtoto imenasa kwenye spoku. Ya bluu, ya mguu wa kushoto. Ilibidi niikate kwa kisu vipande vipande ndiyo itoke. Baba wa mtoto na mwenye pikipiki walikuwa wamesimama hapo hapo kwangu, wakakubaliana elfu arobaini pamoja na gharama ya kushona jeraha, wakashikana mikono, yakaisha. Hakuna aliyekwenda polisi. Kwa hiyo kwenye ile karatasi ya mgeni, ajali hiyo haipo. Kwangu ipo, na kandambili nusu bado iko kwenye kopo la misumari, sijui kwa nini sijaitupa.

Swali langu: inawezekana ajali zikapungua kwenye karatasi na zikaongezeka barabarani, na asiwepo mwongo kati yetu? Na kama ni hivyo, mtaa uhesabu nini ili tujue tunapona au tunazidi kuumia? Mkutano mwingine ni mwezi ujao, na safari hii nataka kusimama.

---

Mzee_wa_Filimbi:

Kijana, nimestaafu trafiki, na nilifanya kazi mikoa mingine, si huko kwenu, kwa hiyo sisemi juu ya karatasi ya mgeni wenu. Nakusemea kitabu kinavyojazwa.

Ajali haiingii kitabuni kwa kutokea. Inaingia kwa kuripotiwa. Mtu aje, au tuitwe, tupime, tuchore ramani ya tukio, tuandike. Bampa likigusana na bampa pale mzunguko wa Msamvu na wote wana haraka, wanamalizana. Mwenye bima kubwa atasubiri askari kwa sababu anataka kulipwa. Wa bodaboda atasubiri nini? Leseni hana, pikipiki ya watu, anataka kuondoka kabla sijatokea. Kwa hiyo idadi ya ajali inafuata mazoea ya watu kuripoti kuliko inavyofuata barabara.

Tazama namba za nchi nzima zilizotolewa miaka ile. Mwaka 2013 zilirekodiwa ajali zaidi ya 23,000 na vifo 4,002. Mwaka 2015 ajali zaidi ya 8,000, vifo 3,468. Pigia hesabu mwenyewe. Ndani ya miaka miwili ajali zimeshuka karibu theluthi mbili, vifo havikushuka hata sehemu moja ya saba. Sasa uniambie: madereva waliacha kugongana, ila wakigongana wanauana mara mbili tatu zaidi ya zamani? Mimi siamini. Kilichobadilika sana ni kile kinachoingia kitabuni. Ajali ndogo zimebaki barabarani, nzito zimebaki kitabuni.

Ndiyo maana nikisikia mtu anatangaza "ajali zimepungua" namuuliza, na vifo? Maiti haimalizwi kwa elfu arobaini chini ya mwarobaini.

Na wewe nikuulize kitu kabla hujasimama. Mafundi wangapi wako hapo jirani, na mwaka 2022 walikuwa wangapi?

---

Sista_Zamu:

Mzee kasema vizuri, lakini hata vifo vina mlango wao wa kuvujia.

Niko wodi ya mifupa, hospitali siitaji. Kijana analetwa usiku, paja limevunjika, tunamning'inizia mguu na uzito. Anatakiwa awe na PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi kutoka polisi, ingawa wa dharura tunamhudumia kwanza, fomu inafuata. Nikimuuliza umeumiaje: "Nimeanguka kwenye ngazi, sista." Nauliza mnakaa ghorofa ya ngapi. Kimya. Ndugu yake anaangalia dirishani. Nakuta changarawe za lami kwenye goti. Basi faili linaandikwa ameanguka, na ukweli ni kwamba kweli ameanguka.

Halafu kuna wanaofia mikononi mwetu wiki ya pili, ya tatu. Shirika la Afya Duniani linamhesabu aliyekufa ndani ya siku 30 tangu ajali kuwa kafa kwa ajali. Lakini askari aliyefika barabarani alimwacha akiwa hai, na kama hakuna aliyerudi kumwambia, kwenye kitabu chake mtu huyo bado ni majeruhi. Kwa mwaka 2016 Tanzania iliripoti vifo 3,256, na shirika hilo likakadiria 16,252. Ni makadirio, hakuna aliyehesabu kichwa kwa kichwa, ila pengo la mara tano si la kupuuza.

Fundi, ukitaka kitu cha kuhesabu, hesabu mapaja. Aliyevunjika paja hawezi kumalizana na mtu barabarani, lazima aje kwetu. Gari likimgusa mtu bega, humwoni. Likimvunja paja, utamkuta kwetu.

Na wanaovaa kofia ngumu bila kufunga mkanda wa kidevu, tafadhalini. Ikivaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40. Ikiwa imekaa tu juu ya kichwa inatangulia kufika chini kabla yako.

---

Deiwaka_Msamvu:

Sista unatusema 😂 mkanda wangu ulikatika mwaka juzi.

Nyie mnatuhesabu tu, mje basi muulize. Pikipiki si yangu, mimi deiwaka. Jioni bosi anataka hesabu yake iwe mvua iwe jua. Tangu treni ya SGR ianze kushusha watu Moro, Juni 2024, kuna saa abiria wanatoka stesheni kwa mkupuo, na anayefika kwanza ndiye anayekula. Wote tunachomoka kijiweni pamoja. Hapo unaniambia mwendo wa hamsini? Abiria mwenyewe anakupiga bega, "kaza, nimechelewa". Akina dada kofia hawataki, wanasema inanuka na inaharibu nywele, na kusema kweli inanuka.

Mishikaki naibeba, siwezi kukataa mama mwenye watoto wawili saa tatu usiku. Hiyo kandambili ya bluu mimi siioni ajabu. Mtoto akikaa nyuma ya mama yake miguu yake haifiki kwenye vikanyagio, inaning'inia kwenye spoku. Kama fundi anaweza kutuwekea wavu wa kuziba pale pembeni kwa bei ya kijiwe, nina wenzangu kumi hapa.

---

Hesabu_za_Chini:

Nakuja na mambo mawili tu, nina mtihani kesho.

La kwanza, mji umekua. Sensa ya 2012 Manispaa ya Morogoro ilikuwa na watu 315,866. Ya 2022 ilikuta 471,409. Hiyo ni karibu nusu nzima imeongezeka juu ya waliokuwepo. Misalaba ya fundi ikiongezeka kwa kiasi hicho hicho, hatari kwa mtu mmoja haijapanda. Na karatasi ya mgeni kama inashuka huku watu wanaongezeka kiasi hiki, ama kuna kazi kubwa sana imefanyika, ama ni yale ya Mzee.

La pili, mji mmoja una namba ndogo, na namba ndogo zina kiherehere. Wote tunakumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, Idi ikiwa imekaribia. Lori la mafuta lilipinduka pale Itigi, Msamvu, watu wakaenda kuchota, likalipuka. Ajali moja, vifo zaidi ya 100. Mwaka 2019 kwa vifo Morogoro unasimama kama mnara, na 2020 lazima "upungue" hata kama kila dereva wa mji huu angeendesha amefumba macho. Mtu akitaka kukuonyesha mafanikio atachagua mwaka wa kuanzia. Kwa hiyo chukua miaka mitatu mitatu kwa pamoja, na vifo vya siku ile uviandike pembeni, visiingie kwenye mstari wala visisahauliwe.

Nyongeza. Dar es Salaam shirika la Amend lilipojenga njia za waenda kwa miguu, matuta na vivuko karibu na shule za msingi, halikusubiri kitabu cha polisi lijue kama vimesaidia. Walipita nyumba kwa nyumba wakauliza, mtoto wenu kagongwa mwaka huu? Majeraha kwa wanafunzi wa shule zilizotengenezewa yalipungua kwa asilimia 26. Mtaa wenu una nyumba ngapi? Wajumbe wanazijua zote kwa majina.

---

FundiSpoku:

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa.

Mzee shikamoo. Umenikamata. Fundi mwenzangu wa upande wa pili wa barabara alihamia Dodoma mwaka 2022, mwezi wa sita, na wateja wake wakavuka kuja kwangu. Misalaba inayopanda waziwazi inaanza mwezi wa saba. Nimeangalia hadi tarehe. Mgeni wa Jumapili karatasi yake ilifuata wanaoripoti, na kauntabuku langu linafuata nani kafunga kibanda. Nilitaka kusimama mwezi ujao nimuumbue, kumbe tungesimama wawili uchi mbele ya watu.

Sista, sikujua hilo la siku 30. Mteja wangu mmoja niliyemdai elfu nane nilisikia amefariki wiki tatu baada ya kuanguka. Nilifuta deni, msalaba upo, ila kwenye daftari langu naye ni "shokapu mbili na taa". Mwanafunzi, nenda kalale, lakini hilo la wajumbe nimelichukua. Nimeshaongea na mjumbe wetu, kasema maswali yasizidi matatu kwa sababu watu wakiona kalamu na karatasi wanadhani ni michango. Tumeweka mawili: kuna mtu wa nyumba hii kaumia barabarani tangu Januari? Alilala hospitali?

Kitu kingine kimeniuma zaidi. Miaka yote hii nimeandika tarehe, namba, bei. Sikuwahi kuandika *wapi*. Najua kila deni la kila kijana wa Msamvu na sijui ni kona gani inawavunja. Jana usiku nimechora safu mpya kwa rula ya mwanangu. Mstari wa kwanza umejazwa leo asubuhi: rimu ya mbele, usukani kushoto, dereva mzima, abiria kachubuka kiwiko. Wapi: kwenye tuta lisilo na rangi, mbele ya shule, taa ya barabarani haiwaki.

Deiwaka, wavu upo. Nondo nyembamba na wavu wa kuku, nachomea kwa elfu sita. Leta wenzako, lakini mje asubuhi, mchana umeme unakatika.

---

Deiwaka_Msamvu:

Hilo tuta la shule nalijua. Wa leo ni wa tatu tangu Pasaka, wawili wa kwanza walipeleka kwa fundi wa Nane Nane. Nikuandikie tarehe?

---

FundiSpoku:

Niandikie. Na majina usiweke.